Muhuri wa Jina: Kutoka Ubeti wa Tamati hadi Mnyororo wa Bloku

Washairi wetu wa kale walijua kwamba tungo hupita midomo mingi. Ndiyo maana wengi walitia jina lao, na pengine mji wao, katika ubeti wa tamati. Mwizi akilibadili jina hilo, vina na mizani humsuta.

Wazo linalokaribiana na hilo lilizuka upya Marekani. Mwaka 1991 Stuart Haber na Scott Stornetta walichapisha njia ya kupiga muhuri wa wakati kwenye hati za kompyuta. Kila hati hupewa alama itokanayo na maandishi yake, nazo alama hufungamanishwa na zilizotangulia. Ukigusa herufi moja, mnyororo hukuumbua. Mwaka 2008 waraka wa Bitcoin, uliotiwa jina la Satoshi Nakamoto, uliirejelea kazi yao. Leo wapo wanaotaka mnyororo huo wa bloku utunze kumbukumbu za uchapishaji wa kitaaluma: nani alitangulia kuandika, nani alihakiki, nani alisahihisha.

Kwetu Morogoro naiona faida yake. Mtafiti kijana wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, angeweza kuthibitisha kuwa ndiye aliyetangulia, bila kungoja jarida la ng'ambo.

Hata hivyo, historia ya milima ya Uluguru inanitia shaka. Mwaka 1955 Waluguru waliupinga kwa ghasia mpango wa kikoloni wa kuwachimbisha matuta mashambani. Miaka mitano baadaye, Roland Young na Henry Fosbrooke walichapisha London kitabu kuhusu ardhi na siasa za Waluguru. Jaladani mna majina mawili, nayo maarifa ya koo na ardhi yalikuwa ya wenyeji. Mnyororo ungeyahifadhi majina hayo mawili barabara, wala usingeongeza la tatu. Muhuri hulinda kilichoandikwa. Haumuulizi mwandishi alisimuliwa na nani.

Tena muhuri haumwiti msomaji. Mkulima wa Matombo atafutaye kwa Kiswahili habari za udongo wake hataifikia tasnifu ya Kiingereza, hata iwe na mihuri mia.

Kwa hiyo nashauri, kabla ya kufunga bloku ya kwanza, yaandikwe majina ya wasimulizi walioridhia kutajwa, na kila tasnifu iwe na ikisiri ya Kiswahili. Kazi hiyo ya pili, wapenzi wa lugha, inatuhusu sisi.