Kikosi cha wakati wote cha mwambao wa Tanganyika

Kuchagua kikosi cha wakati wote ni kuokota wachezaji kutoka vikosi vya zamani vilivyotwaa kombe, kufika fainali au kufuzu mashindano makubwa, kisha kuwapanga kana kwamba wote wako kwenye ubora wao siku moja. Kwa soka ya Burundi, orodha zinazofaa kuokotwa ni nne: klabu ya Vital'O ya 1992, timu ya vijana ya 1995, Vital'O ya 2013 na timu ya taifa, Intamba mu Rugamba, ya 2019. Kuanzia mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura hadi Kabezi na Rumonge, kusini kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mabishano kuhusu orodha hizo huendeshwa kwa Kirundi na Kiswahili kwa pamoja, na mara nyingi hukwama palepale: si nani alikuwa na mguu mzuri zaidi, bali nani ahesabiwe kuwa wa hapa.

Wamarekani waliugeuza uchaguzi wa aina hii kuwa mchezo kamili kupitia besiboli. Mwaka 1980 Daniel Okrent na wenzake walianzisha ligi ya kujibunia ambamo kila mmoja alinunua wachezaji halisi kwa mnada, na ushindi ukaamuliwa kwa takwimu za uwanjani. Waliweza kwa sababu besiboli imeandikwa sana. Fainali za World Series zilianza 1903, na kwa mchezaji wa zama hizo bado inajulikana alipiga mipira mingapi na alikosa mingapi. Soka ya Burundi haikupata makarani wa namna hiyo. Shirikisho lilianzishwa 1948 na kuingia FIFA 1972, lakini sehemu kubwa ya ligi yake ilihifadhiwa na redio na vichwa vya mashabiki. Kwa hiyo anayechagua hapa hutegemea vikombe, fainali na majina yaliyovuka mipaka. Beki aliyecheza miaka kumi Bujumbura bila kusafiri hukosa wa kumtetea mara waliomwona wanapopungua.

Orodha ya kwanza ndiyo inayoheshimiwa kuliko zote. Mwaka 1992 Vital'O, klabu iliyokuwa imebadilisha majina mara kadhaa kabla ya kutulia na hili katikati ya miaka ya 1970, ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika. Mechi ya kwanza dhidi ya Africa Sports ya Côte d'Ivoire ilichezwa Bujumbura ikaisha 1-1. Ya marudiano, mjini Abidjan, ilikwenda 4-0 kwa wenyeji. Kipigo hicho hakikuishusha hadhi timu: hakuna klabu nyingine ya Burundi iliyowahi kucheza fainali ya bara. Mwaka uliofuata timu ya taifa nayo ilikaribia Kombe la Mataifa ya Afrika, ikakwamishwa na Guinea kwa penalti katika mchezo wa mchujo uliochezwa Libreville.

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa na vita vikaanza. Ndani ya vita hivyo ndipo ilipopatikana orodha ya pili. Vijana wa Burundi walifika fainali ya Afrika ya 1995 nchini Nigeria, wakafungwa na Cameroon, na kwa nafasi hiyo wakaenda Kombe la Dunia la vijana huko Qatar. Walipangwa na Hispania, Japan na Chile, wakaambulia sare na Chile. Barabara ya kusini inayopita Kabezi kwenda Rumonge haikuwa salama kwa miaka mingi baada ya hapo, na mwaka 1999 wakazi wengi wa Kabezi walikusanywa kambini kwa amri ya serikali, kama walivyokusanywa wengine katika Bujumbura Vijijini. Orodha hizi za mwanzo ni za Bujumbura, mji mkuu wa wakati huo, na vita ni sehemu tu ya sababu. Hata kabla yake klabu zenye uwezo zilikuwa Bujumbura: Vital'O, Inter Star, Prince Louis, Atlético Olympic. Kijana wa Kabezi aliyetaka kuonekana hakuwa na budi kupanda gari kwenda mjini.

Orodha ya tatu ni ya Vital'O ya 2013. Kombe la Kagame, la klabu za Afrika Mashariki na Kati, mwaka huo lilichezwa Sudan, sehemu yake huko Darfur, na Simba na Yanga za Tanzania hazikwenda kwa hofu ya usalama. Vital'O ilikwenda, ikaifunga APR ya Rwanda 2-0 katika fainali, na Amissi Tambwe akawa mfungaji bora. Wiki chache baadaye Simba, iliyobaki nyumbani, ilimsajili Tambwe pamoja na beki Gilbert Kaze. Katika msimu wake wa kwanza Dar es Salaam Tambwe aliongoza ufungaji wa ligi kwa mabao 19, kisha akahamia Yanga na kuongoza tena msimu wa 2015-16 kwa mabao 21. Kwa anayechagua kikosi, hilo lina thamani kubwa: ni mchezaji mwenye kombe la nyumbani na takwimu za ugenini, jambo adimu hapa.

Orodha ya 2019 ndiyo inayokumbukwa kwa urahisi, maana televisheni ilikuwepo. Burundi ilimaliza mechi zote sita za kufuzu bila kupoteza hata moja, na Fiston Abdul Razak alifunga mabao sita. Tarehe 23 Machi, Bujumbura, sare ilitosha dhidi ya Gabon ya Pierre-Emerick Aubameyang. Cédric Amissi alifunga dakika ya 76, beki wa Burundi akajifunga dakika sita baadaye, na kilichobaki kikawa ni kuzuia. Kwa mara ya kwanza nchi ikaingia Kombe la Mataifa. Kule Misri, mashindano yalikochezwa, ilifungwa 1-0 na Nigeria, 1-0 na Madagascar na 2-0 na Guinea, bila kupata bao lolote.

Kushindwa kupata bao huko Misri ni ajabu kidogo, kwa sababu ukiziweka orodha mezani, fowadi ndio wanaofurika. Tambwe, Abdul Razak, Laudit Mavugo aliyekwenda Simba, Didier Kavumbagu aliyechezea Yanga na Azam, Selemani Ndikumana aliyefika Molde nchini Norway: wote ni washambuliaji. Wanaochagua bila utaratibu hujikuta na timu yenye wafungaji saba na beki mmoja. Nyuma chaguo ni finyu. Langoni kuna Jonathan Nahimana wa kikosi cha 2019. Mabeki wanaotajwa zaidi ni Kaze, Frédéric Nsabiyumva na Karim Nizigiyimana aliyecheza Gor Mahia ya Kenya. Katikati wako Gaël Bigirimana, aliyekulia Uingereza akiwa mkimbizi na kuchezea Newcastle United, na Papy Faty, kiungo aliyeanguka uwanjani nchini Eswatini Aprili 2019 na kufariki kwa moyo akiwa na miaka 28, mwezi mmoja tu baada ya Burundi kufuzu. Nafasi ya mchezeshaji haina ubishi. Saido Ntibazonkiza alicheza NEC ya Uholanzi, Cracovia ya Poland na Caen ya Ufaransa, kisha akarudi Afrika Mashariki na, akiwa na miaka 36, akafungana na mshambuliaji Fiston Mayele katika ufungaji bora wa Tanzania msimu wa 2022-23, kila mmoja akiwa na mabao 17.

Ugomvi wenyewe huanza kwa Shabani Nonda. Alizaliwa Bujumbura 1977, akapitia Vital'O na Yanga kabla ya kwenda Ulaya. Akiwa Monaco alikuwa mfungaji bora wa Ufaransa msimu wa 2002-03 kwa mabao 26, na aliingia uwanjani katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2004 dhidi ya Porto. Hakuna mzaliwa mwingine wa Burundi aliyefika hapo. Lakini timu ya taifa aliyoichezea ni ya Kongo. Mohammed Tchité, naye mzaliwa wa Bujumbura, aling'ara Standard Liège na Anderlecht, lakini jezi ya taifa aliyoivaa kwanza ilikuwa ya Rwanda. Saido Berahino alikwenda kinyume chao: alikulia Uingereza, akachezea vijana wa huko, kisha akaja Burundi 2018 na kuwa nahodha Misri.

Zipo kanuni mbili zinazotumika. Ya kwanza inataka mchezaji awe ameichezea Burundi au klabu yake katika moja ya orodha nne. Hapo Nonda anatoka, Berahino anabaki, na mstari wa mbele wanakaa Tambwe na Abdul Razak. Ya pili inatazama tu alikozaliwa au alikojifunzia mpira, na hapo Nonda anaanza na wengine wote wanamzunguka. Kanuni ya kwanza ina haki zaidi kwa Vital'O ya 1992, ambayo wachezaji wake walipata sifa wakiwa nyumbani. Ya pili inatoa timu kali zaidi, na ndiyo hupendwa na vijana. Wapo pia wanaotaka kuongeza orodha ya CHAN ya 2014, mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ambako Burundi iliifunga Mauritania 3-2.

Orodha zijazo hazitakuwa za Bujumbura peke yake. Ubingwa wa ligi umeshakwenda Ngozi kwa Le Messager, Makamba kwa Aigle Noir na Gitega kwa Flambeau du Centre, na Rumonge City imeupeleka mwambao wa kusini ligi kuu. Wanawake nao wana orodha yao, iliyoanza walipofuzu Kombe la Mataifa la 2022 nchini Morocco. Huko, tofauti na wanaume wa 2019, walifunga: bao moja dhidi ya Afrika Kusini na mawili dhidi ya Botswana.