Lishe ya Aina ya Metaboli na Kupunguza Uzito

Lishe ya aina ya metaboli ni mpango wa ulaji uliotokana na nadharia ya William Donald Kelley, daktari wa meno wa Marekani, katika miaka ya 1960. Mpango huo hudai kuwa miili hutofautiana katika kugeuza chakula kuwa nishati, na huwagawa watu katika makundi ya protini, wanga na mchanganyiko kwa kutumia dodoso.

Mgawanyo huo haujathibitishwa kisayansi. Dhana iliyo karibu nayo ilipimwa na Chuo Kikuu cha Stanford kwa watu wazima 609 katika kipindi cha miezi 12. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionesha kuwa waliopunguza mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3 na waliopunguza wanga kilo 6.0. Vinasaba na utoaji wa insulini havikubainisha mlo uliomfaa kila mmoja.

Hivyo, mkazi wa Kibaha au Kisarawe hana sababu ya kuacha muhogo kwa kuambiwa si wa aina yake. Kinachosaidia ni kupunguza kiasi cha ugali, sukari, nazi na vyakula vya kukaanga, kuongeza mboga za majani na kunde, na kufanya mazoezi.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini akipunguza wanga ghafla, sukari yake inaweza kushuka kwa kiwango cha hatari. Anashauriwa kumwona kwanza mtaalamu katika Hospitali ya Tumbi, Kibaha, au kituo cha afya kilicho karibu naye.