Nani Alifundishwa Kulenga?

Maji yakipwa, boti zitokazo Lamu haziufikii mji wa Pate. Hushusha abiria Mtangawanda, penye kina, nao hutwaa mizigo yao wakaendelea kwa pikipiki au kwa miguu. Ukisimama gatini pale ukatazama upande wa machweo, mbele yako ni ghuba ya Manda. Ng'ambo yake ni bara, ilipo kambi ya wanamaji wa Kenya na uwanja wa ndege wa kijeshi ulioshambuliwa tarehe 5 Januari 2020. Maji haya yameujua mlio wa baruti kwa zaidi ya miaka mia tano. Mwanzoni mwa 1499, Vasco da Gama akirudi kutoka India, mashua za Pate zilimwendea kwa shari, naye akazijibu kwa mizinga.

Juu ya bunduki za pwani yameandikwa mengi: nani alizileta, nani aliziuza, nani alizinyang'anywa. Swali linalonishughulisha mimi ni jingine. Kuwa na bunduki ni jambo moja, kufundishwa kulenga ni jambo jingine kabisa. Leo wako Wakenya wanaokwenda mwisho wa juma kwenye uwanja wa shabaha, kama ule wa Kirigiti huko Kiambu, wakalala kifudifudi chini ya jicho la mwalimu na kujifunza kupumua, kutulia na kubana kifyatulio. Elimu hiyo ina historia yake, na watu wa visiwa hivi wamo ndani yake tangu mwanzo, mara nyingi wakiwa upande unaolengwa.

Mlengaji wa kwanza wa pwani hii hakushika bunduki. Ni Fumo Liyongo, shujaa wa Ozi, aliyeogopwa na sultani wa Pate. Utendi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, lakini kisa ni cha kale zaidi. Waliotaka kumuua walimwalika kwenye kikoa cha makoma, kila mtu akwee mkoma kwa zamu yake kuangua matunda, na zamu ya Liyongo ikifika wamfume akiwa juu. Liyongo hakukwea. Alitia mshale kwenye uta na kuyaangusha makoma akiwa amesimama chini. Hadithi ile, mbali na ujanja wake, inatuonyesha jamii iliyojua kwamba shabaha ni akili na utulivu kabla ya kuwa nguvu. Na Liyongo alifunzwa na mazoezi ya kila siku, kwa silaha aliyoweza kuitengeneza mwenyewe.

Bunduki ilivunja uhusiano huo. Kiswahili kimehifadhi hatua zake kwa majina. Palikuwa na bunduki ya mrau, iliyowashwa kwa utambi. Ikaja ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe, kisha ya fataki. Zote hizi zilikuwa za kushindilia: baruti humiminwa mdomoni, risasi ikafuata, mdeki ukasukuma. Mtutu wake ulikuwa laini ndani, na risasi ya duara ilipita ikigongagonga kuta, ikatoka ikiwa haijui iendako. Baina ya cheche na mlio palikuwa na kitambo, na katika kitambo hicho mkono hutikisika. Ukimlenga mtu aliye hatua mia, kumpata kulikuwa karibu na bahati. Na kila risasi ya mazoezi ilikula baruti na madini ya risasi, vitu ambavyo kisiwa hakina.

Kwa silaha kama hiyo, mwenye kushinda ni yule anayeijua ardhi. Katika vita vya Shela, mnamo miaka ya 1812 hadi 1814, jeshi la Pate na Wamazrui wa Mombasa lilishuka ufukweni likiwa na hakika ya ushindi. Watu wa Lamu walilirudisha nyuma, na waliokimbilia majahazi wakayakuta yamekaa mchangani, maji yametoka. Bahari iliua wengi kuliko bunduki zilivyoweza. Miaka ya 1840 ikawa zamu ya Siyu. Sayyid Said, sultani wa Unguja, alituma majeshi kuutiisha mji huo wa Bwana Mataka, na jemadari wake, Amir Hamad, aliuawa na watu wa Siyu waliovizia vichakani. Nikisoma habari za vita vile siwezi kuutenga ushindi wa Siyu na vichaka vyake. Kwa hatua ishirini, gobori ni sawa na bunduki yoyote duniani.

Mabadiliko yalitokea mbali. Mafundi wa Ulaya walichonga mifereji inayozunguka ndani ya mtutu, risasi ikatoka ikijizungusha kama pia na kushika njia yake. Ghafla mtu wa kawaida angeweza kupiga shabaha ya mbali, mradi afundishwe. Uingereza iliona hivyo. Mwaka 1859, kwa hofu ya kuvamiwa na Wafaransa, makarani na mafundi walijiunga na vikosi vya hiari na kufanya mazoezi baada ya kazi, na chama cha taifa cha bunduki kikaanzishwa. Tarehe 2 Julai 1860, kwenye uwanja wa Wimbledon, Malkia Victoria alivuta uzi wa hariri uliofungwa kwenye bunduki iliyokwisha kutegwa, akapiga shabaha ya yadi 400. Mashindano yakafunguliwa. Madarasa ya kulenga ya mwisho wa juma, tunayoyaona sasa ni burudani ya watu wenye uwezo, yana asili hapo: serikali ilitaka raia wake wajue kulenga.

Miaka thelathini baadaye, siku ileile, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yalitia saini mkataba mjini Brussels. Sifa yake ni kupinga biashara ya watumwa, na sifa hiyo ni ya haki. Ndani yake, hata hivyo, mna vifungu vya silaha. Katika Afrika, baina ya nyuzi 20 kaskazini ya ikweta na nyuzi 22 kusini, bunduki zenye mifereji na risasi zake zisiingizwe. Kilichoweza kuuzwa, tena kwa kutolewa katika ghala za serikali, ni gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Nimevisoma vifungu hivyo zaidi ya mara moja. Havimkatazi Mwafrika bunduki, vinamkataza bunduki inayolengeka. Mwezi uleule, mashindano ya Waingereza yalihamia uwanja mkubwa zaidi huko Bisley.

Kabla mwaka haujaisha, hesabu hiyo ilifika nyumbani. Witu ulikuwa usultani wa Wanabahani, ukoo wa masultani wa Pate, waliokimbilia bara. Sultani wake, Ahmed Simba, aliuweka chini ya ulinzi wa Wajerumani mwaka 1885 ili kumkwepa Sayyid Barghash wa Unguja, ambaye tangu 1877 alikuwa na jeshi lililofundishwa na luteni Mwingereza, Lloyd Mathews. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani iliukabidhi Witu kwa Uingereza, bila mwenye nchi kuulizwa. Septemba, Mjerumani Andreas Küntzel alifika na wenzake. Ukazuka ugomvi langoni, Küntzel akampiga bawabu risasi, na watu wa Witu wakamuua yeye na wenzake. Oktoba akaja Admirali Fremantle wa Uingereza na manowari. Mabaharia wake walishukia Kipini, mji ambao wenyeji husema ndiko liliko kaburi la Liyongo, wakapita msituni wakiwa na mizinga midogo na bunduki za viasi. Tarehe 27 Oktoba Witu ulitekwa, kisha ukachomwa. Sultani Fumo Bakari alikimbilia Jongeni na kufa mwaka uliofuata. Mwaka 1893 Waingereza walirudi tena kumfuata mrithi wake, Fumo Omari.

Baada ya hapo dola ilihitaji walengaji Waafrika, ikawachagua yenyewe. Kikosi cha askari Waafrika cha Uingereza, King's African Rifles (KAR), kiliundwa mwaka 1902, na maofisa wake waliamini kwamba yako makabila ya vita na yako yasiyokuwa ya vita. Wayao, Wasudani, baadaye Wakamba na Wanandi, walipelekwa uwanja wa shabaha. Mswahili wa pwani aliwekwa kando, akawa mkalimani, karani au mpagazi. Fikra ile haikuwa na msingi. Wajukuu wa watu waliomuua Amir Hamad waliambiwa hawana damu ya vita!

Vita Vikuu vililazimisha jambo moja la tofauti. Mwaka 1914 Arthur Wavell, Mwingereza aliyewahi kuhiji Maka kwa kujifanya Mwislamu, aliandikisha Waarabu wa pwani, wengi wao wenye asili ya Hadhramaut, akaunda kikosi cha bunduki kilichosaidia kuwazuia Wajerumani kusini ya Mombasa. Wavell aliuawa Mwele, Januari 1916. Waliokuwa wabeba maji na vibarua wa gatini walipopewa bunduki na mafunzo, walipigana kama askari wengine.

Uhuru ulirithi sheria ya silaha ya mkoloni, na mwaka 1977 serikali ilipopiga marufuku uwindaji, sababu ya raia kuwa na bunduki ya kulengea mbali ikapungua sana. Sioni ubaya wa sheria kali. Tangu shambulio la Mpeketoni mwaka 2014, ambako watu zaidi ya sitini waliuawa, hakuna mtu wa Lamu anayeizungumzia bunduki kwa wepesi. Mchezo wa vita uliobaki kisiwani ni kirumbizi: vijana wawili, fimbo mbili, zumari na ngoma, watu wamezunguka. Mshindi ni yule anayeona pigo kabla halijaja.

Somo la kwanza la mwisho wa juma, kwa anayelipata, hutolewa bila risasi. Mwanafunzi anashika bunduki tupu na kuambiwa aihesabu kuwa imejaa. Jicho likae kwenye kilengeo cha mbele, shabaha iachwe iwe na ukungu. Pumzi itolewe nusu, isimame. Kidole kibane polepole mpaka mlio umshtue mpigaji mwenyewe. Akikosa, hatafuti kosa kwenye karatasi iliyotobolewa, analitafuta begani na kidoleni mwake. Ndio utulivu uleule wa mtu aliyesimama chini ya mkoma.

Kijana wa Mtangawanda akiutaka utulivu huo Kirigiti, atapanda boti hadi Lamu, avuke Mokowe, kisha basi la Mombasa, na lingine la Nairobi. Kwa miaka mingi mabasi ya Mokowe yamekuwa yakisindikizwa na polisi wenye bunduki, kwa msafara, mpaka kupita Gamba. Njia hiyo inapita Witu.