Kosa la Mbao: Chombo, Nahodha na Ushuru

Mwishoni mwa karne ya 19 ushuru wa karafuu Zanzibar ulifikia robo ya zao: katika kila frasila 4, moja ilikuwa ya serikali. Tozo nzito kiasi hicho haikosi kuzaa magendo. Tufani ya mwaka 1872 ilikuwa imeiangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo. Nayo Pemba ina hori nyingi zilizofunikwa na mikoko, ambamo chombo huweza kuingia usiku na kutoka kabla ya alfajiri. Masimulizi ya magendo aghalabu huwa ya mwenye mali na askari. Mchukuzi hutajwa pembeni tu, ilhali ndiye ambaye sheria ilimtafutia adhabu ya namna ya pekee.

Katika fiqhi ya Kishafii, iliyozoeleka pwani, rai yenye nguvu ni kuwa mwenye kupokea mzigo wa watu kwa ujira ni mshika amana. Hadai­wi kilichoharibika ila akizembea au akivuka mpaka wa alichoruhusiwa. Linaloulizwa ni habari ya mtu: alijua nini, alifanya nini.

Na nahodha hajui yote. Alan Villiers, aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 katika bumu la Kuwait lililofika Zanzibar na kwenda kupakia boriti za Rufiji, alieleza jinsi kila baharia alivyokuwa na sanduku lake na biashara yake ndogo. Chombo kimoja, wafanyabiashara wengi.

Sheria ya forodha ya Kiingereza ilishika njia nyingine. Sheria ya mwaka 1876 iliamuru kwamba meli, mashua, magari, hata farasi waliotumika kuchukua bidhaa zilizokwepa ushuru, vyote vitwaliwe na serikali. Hakuna aliyemuuliza farasi kama alijua alichokibeba. Fikra iliyomo ni kuwa kitu chenyewe ndicho mkosaji, na mwenyewe akiwa hana hatia, huo ni msiba wake.

Waliolitamka jambo hili waziwazi zaidi ni majaji wa Marekani. Mwaka 1827, katika shauri la merikebu iitwayo Palmyra, Jaji Joseph Story alieleza kuwa chombo hutwaliwa kwa kosa lake chenyewe, pasi na haja ya kumtia mtu hatiani kwanza. Mwaka 1921 fikra hiyo ikahamia barabarani. Kampuni iliyouza gari kwa mkopo ililipoteza gari hilo kwa kuwa lilitumika kuchukulia pombe isiyolipiwa ushuru, ingawa kampuni haikuwa na habari. Mahakama Kuu iliambiwa kuwa kwa hoja hiyo hata meli kubwa ya baharini ingeweza kutwaliwa kwa furushi moja la pombe lililopokewa kwa nia safi. Ikajibu kuwa hilo si swali lililo mbele yake.

Afrika Mashariki swali hilo limejibiwa kwa tarakimu. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika mwaka 2005, inakipambanua chombo kwa tani za usajili. Kilicho chini ya tani 250 kikikutwa katika magendo huweza kutwaliwa moja kwa moja. Kilichofikia kiwango hicho hutozwa faini, na huzuiwa mpaka ilipwe. Uingereza nayo ina mpaka wa tani hizo hizo. Msomaji aliyezowea bandari za visiwani hahitaji kuambiwa majahazi na mashua zetu ziko upande gani.

Upo utetezi. Nahodha wa jahazi huweza kushuka ngamani akapekua magunia kwa mikono yake. Wa meli ya makontena hawezi. Lakini utetezi huo unakiri kuwa ujuzi wa mtu una uzito, jambo ambalo kanuni yenyewe ililikataa tangu mwanzo. Kama mbao ndizo zenye kosa, chuma nacho kingekuwa nalo.

Mwenye chombo kilichokamatwa ana mwezi mmoja wa kukidai kwa maandishi, na kuthibitisha kuwa ushuru umelipwa ni juu yake. Kesi huenda ikachukua misimu. Wakati huo jahazi limelala juu ya mchanga wa bandari, halipakwi sifa wala deheni, na jua linazikausha mbao. Kalafati hutoka kwenye maungio uzi kwa uzi. Hata hakimu akiamua kuwa mwenyewe hakuwa na hatia, anachorudishiwa hakielei mpaka fundi akishike upya.