Mtoto Mbele ya Hukumu: Hikaya za Kiingereza katika Pwani ya Tanga

Katika nyumba ya bibi yangu, huku Usagara mjini Tanga, hadithi haikuanza mpaka sala ya isha imekwisha kuswaliwa na mbuzi ya kukunia nazi imeegemezwa ukutani. Ndipo bibi, akiwa amekaa kitako juu ya mkeka na utambi wa taa ya chemli umepunguzwa, alipotamka paukwa, nasi watoto tukaitikia pakawa kwa sauti moja, na tangu hapo sungura alipata ruhusa ya kumwambia simba maneno ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwambia mtu mzima. Nayakumbuka hayo kila niulizwapo kwa nini vitabu vya ajabu ambavyo Waingereza waliwaandikia watoto wao zamani vingali vikisomwa, tena mbali na kwao. Maana jawabu, kwa rai yangu, liko juu ya mkeka ule.

Vitabu hivyo viliingia kwetu kwa mlango wa shule. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, Frederick Johnson, katibu wake wa kwanza, alikuwa tayari ameshika kalamu ya kutafsiri. Mwaka 1929 vilitoka Kisiwa Chenye Hazina, Mashimo ya Mfalme Sulemani na hadithi za Maugli, yule mtoto aliyelelewa na mbwa mwitu. Mwaka 1932 zikafuata Safari za Gulliver. Katika miaka ile ile Alfu Lela Ulela nayo ilipigwa chapa kwa Kiswahili, na jambo hili nalihesabu kubwa kuliko linavyosemwa, kwa kuwa mwanafunzi wa pwani alikutana na majini wa Baghdad na watu wadogo wa Gulliver karibu kwa wakati mmoja, katika lugha moja, wala hapakuwa na sababu ya kumfanya awaone wale kuwa jamaa na hawa kuwa wageni.

Alisi alichelewa. Lewis Carroll alimtoa kwa Kiingereza mwaka 1865, na ilipita miaka 75 kabla ya E. V. St. Lo Conan Davies kumleta kwetu mwaka 1940 kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alimfasiri upya, akakiita kitabu Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Nawastahi wote wawili, kwa sababu kitabu hiki ni mtihani mzito kwa mfasiri: mizaha yake imefungwa katika sauti za maneno, na mashairi yake yanayageuza mashairi ambayo watoto wa Kiingereza walikaririshwa darasani, hata afasiriye neno kwa neno hubaki na ganda mkononi, kiini kimedondoka.

Lakini kuna sehemu isiyopotea katika lugha yoyote, nayo ni ile hukumu ya mwisho. Ghulamu wa kopa ameshtakiwa kwa kuiba vitumbua vya malkia; mfalme ndiye kadhi; malkia ataka adhabu itangulie, uamuzi wa wazee wa baraza ufuate nyuma. Alisi, ambaye mwili wake umeanza kurefuka, aambiwa kwamba kanuni ya 42 yamwamuru kila aliyezidi urefu wa maili moja atoke barazani. Ajibu kwamba kanuni hiyo imetungwa sasa hivi. Mfalme ashikilia kwamba ndiyo kongwe kuliko zote kitabuni, na Alisi amwambia kwamba, ikiwa hivyo, ingekuwa ya kwanza. Mfalme afunga daftari lake, amebadilika rangi.

Msomaji wa Tanga hawezi kufika hapo asimkumbuke Karama. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909 na kutumika forodhani tangu 1926 hata 1944, alichapisha Kusadikika mwaka 1951, alipokuwa karani hapa mjini. Na kitabu kizima ni kesi. Karama ameshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, Waziri Majivuno amsimamia kama mshtaki, naye ajitetea kwa kuwasimulia wakubwa habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita za ulimwengu, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, mbinguni na ardhini, ambao kila mmoja alirudi na faida kwa taifa akalipwa kifungo. Sisemi kwamba Shaaban alimwiga Carroll. Nasema kwamba wote wawili walijua kuwa dhuluma haionekani vema mpaka ipelekwe katika nchi isiyokuwako, na mbele yake asimamishwe mtu mnyonge mwenye ulimi ulionyoka. Sungura wa bibi yangu alilijua hilo kabla yao.

Ndiyo sababu siridhiki na wale wasemao kwamba vitabu hivi hupendwa kwa maajabu yake tu. Maajabu tulikuwa nayo tele. Katika Adili na Nduguze, Shaaban huyo huyo atuonyesha ndugu wawili wenye husuda waliogeuzwa manyani, nasi hatukushtuka. Kipatikanacho kwa tabu, utotoni hasa, ni mahali ambapo mdogo humwuliza mkubwa swali lenye insafu na mkubwa akakosa la kusema.

Mwezi uliopita nilimsomea mjukuu wangu hukumu hiyo ya Alisi, yeye amelala kifudifudi mkekani, kidevu juu ya viganja. Nilipotamka kwamba kanuni ya 42 ndiyo kongwe kuliko zote nikatua kuvuta pumzi, naye, bila ya kuinua kichwa, akauliza: “Babu, mbona basi si ya kwanza?” Nikamwonyesha kwa kidole mstari ambamo Alisi asema vivyo hivyo. Akautazama kitambo, kisha akaniambia niendelee.