Kuyajua Mawingu kwa Majina Yake



 Safari hii tunawaalika tuinue macho. Tutazungumza juu ya mawingu: jinsi wanadamu walivyojifunza kuyatazama na kuyapa majina, na kwa nini habari hiyo ya kale inatuhusu sisi tunaoishi hapa Kidahwe, mahali barabara ya Kasulu na ile ya Uvinza zinapoagana, pamoja na ndugu zetu wa Kigoma, Ujiji na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika.

Historia ya eneo letu imeandikwa sana na watu waliokuja kulitazama ziwa. Burton na Speke waliingia Ujiji Februari 1858, naye Speke alikuwa anaumwa macho kiasi cha kushindwa kuyaona vizuri maji aliyoyafuata kwa miezi mingi. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone papo hapo Ujiji. Januari 1879 wakafika Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe. Wote hao waliliandika ziwa. Ni wachache waliojiuliza juu ya anga lililo juu yake, ambalo ndilo hasa linalolijaza na kulipunguza.

ZIWA LINALOPANDA ANGANI

Ziwa letu lina urefu wa kilometa zipatazo 670 na kina cha takriban meta 1,470. Mito mingi inaingia, lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, yaani Mto Lukuga ulioko upande wa Kongo. Hata hivyo, sehemu kubwa kabisa ya maji yanayoondoka ziwani haipiti Lukuga. Hupanda angani ikiwa mvuke. Mvuke huo ukifika juu kwenye baridi hugeuka kuwa matone madogo mno, nayo matone hayo yakikusanyika ndiyo tunayoyaita wingu. Kwa hiyo mawingu tunayoyaona mchana yakirundikana juu ya vilima vyetu, kwa sehemu yake, ni ziwa lenyewe lililosafiri. Wala tusiyadharau kwa kuwa yanaelea: wingu jeupe la kawaida, lenye ukubwa wa kilometa moja kila upande, huweza kubeba tani zipatazo 500 za maji.

Aliyeliona jambo hili likitenda kazi ni baharia Edward Coode Hore, wa Shirika la Wamisionari la London, aliyefika Ujiji Agosti 1878. Miaka miwili kabla yake, Stanley alikuwa amefika Lukuga akakuta mto huo hautoi maji ya ziwa. Hore alipokwenda mwaka 1879 alikuta maji yanatoka kwa nguvu. Ziwa lilikuwa limejaa mpaka likavunja kizuizi cha tope na majani kilichoziba mlango wake. Katika miaka iliyofuata likashuka kwa meta zipatazo 10, na hiyo ni mojawapo ya sababu za mnara wa Livingstone pale Ujiji kuonekana leo umeachwa mbali na maji. Kisha mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikalipandisha tena, na mwaka 2024 tuliliona likiingia katika makazi ya watu, kwetu Kigoma na kwa jirani zetu wa Bujumbura na Uvira. Ziwa ni mizani: upande mmoja mvua, upande wa pili mvuke. Mkono unaoishika mizani hiyo ni mawingu.

KIJANA ALIYEYAPA MAJINA

Kwa karne nyingi wataalamu waliamini kwamba mawingu hayawezi kupangwa katika makundi. Yanabadilika upesi mno. Utakuwaje na jina la kitu ambacho baada ya dakika kumi si kile tena? Aliyewajibu ni Luke Howard, mtengenezaji wa dawa wa London, Mkristo wa dhehebu la Marafiki, ambalo leo lina waumini wengi magharibi mwa Kenya. Alizaliwa mwaka 1772. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi, mwaka 1783, volkano ililipuka huko Iceland na kulitia giza anga la Ulaya, na tangu hapo kijana huyu hakuacha kutazama juu.

Desemba 1802 alisimama mbele ya kikundi kidogo cha marafiki wapenda sayansi, akawaeleza kwamba mawingu yana sura chache tu za msingi. Yale membamba kama nywele, yaliyo juu kabisa, aliyaita sirasi. Yale yaliyorundikana kama marobota ya pamba aliyaita kumulasi. Yale yaliyotandikwa kama shuka aliyaita stratasi. Lile linaloleta mvua aliliita nimbasi. Kwa kuunganisha maneno hayo angeweza kulitaja wingu hata lilipokuwa likibadilika kutoka sura moja kwenda nyingine. Hapo ndipo ulipokuwa ugunduzi wake: kubadilika kwenyewe kuna utaratibu.

Mwaka huohuo mtaalamu Mfaransa, Lamarck, naye alitoa orodha yake ya majina ya mawingu. Ilisahaulika. Sababu mojawapo ni lugha, kwa maana Lamarck alitumia Kifaransa, naye Howard alitumia Kilatini, lugha ambayo wakati huo haikuwa ya taifa lolote, kwa hiyo hakuna taifa lililoionea wivu. Mtu wa Lisbon na mtu wa Stockholm wangeweza kutazama anga, kila mmoja kwake, kisha wakaandikiana wakaelewana.

Lakini je, mawingu ya nchi moja ndiyo ya nchi nyingine? Mskoti mmoja, Ralph Abercromby, aliizunguka dunia mara mbili katika miaka ya 1880 ili alijibu swali hilo, akakuta kwamba aina ni zilezile kila mahali. Ndipo mwaka 1896 ikachapishwa Atlasi ya Kimataifa ya Mawingu, yenye aina kumi za msingi. Toleo lake la mwaka 2017 bado linazo kumi hizo. Wingu lililo juu ya Kidahwe na lililo juu ya Roma yana jina moja.

MAPADRE WALIOSOMA ANGA

Tunapenda kuwakumbuka hapa mapadre wawili Wajesuiti, Wahispania wote wawili, kwa sababu wao walionyesha kwamba kuyatazama mawingu si kazi ya mtu asiye na kazi. Padre Benito Viñes aliongoza kituo cha uchunguzi wa hali ya hewa cha Chuo cha Belén, Havana, nchini Cuba, kuanzia mwaka 1870 hadi kifo chake mwaka 1893. Siku baada ya siku aliandika sura na mwendo wa mawingu. Akagundua kwamba kimbunga kinapokuwa bado mbali baharini, nyuzi nyembamba za sirasi hutangulia, zikienea kutoka sehemu moja ya upeo kama mbavu za kipepeo cha ukindu. Na pale zinapoelekea kukutana ndipo kilipo kimbunga. Septemba 11, 1875 alitangaza onyo katika gazeti, na dhoruba ikaja kweli. Mwenzake, Padre Federico Faura, alifanya vivyo hivyo Manila, Ufilipino, Julai 1879. Manahodha walikaa bandarini, na watu wakapona. Wingu jembamba, zuri, ambalo wengine wangelisifu tu na kuendelea na safari, kwa mtu aliyelijua jina na tabia yake lilikuwa barua.

Huku kwetu, tangu enzi ya Wajerumani, vituo vya misheni na maboma ya serikali vilipima mvua na kuandika. Mwaka 1929 ikaanzishwa idara moja ya hali ya hewa kwa Afrika Mashariki ya Waingereza, makao yake Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaunda idara yake mwaka uliofuata, ambayo mwaka 1999 ikawa wakala, na mwaka 2019 ikawa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Pamoja na satelaiti na kompyuta zote za leo, mtazamaji wa kituo bado hutoka nje, huinua macho, huligawa anga katika sehemu nane, na kuandika ni sehemu ngapi zimefunikwa na kwa mawingu ya aina gani.

TUJIFUNZE KUTAZAMA

Ndugu wapendwa, kazi hiyo kila mmoja wetu anaiweza, wala haina kiingilio. Mawingu yakionekana kama vidonge vingi vilivyopangwa angani, nyosha mkono wako mbele, juu kidogo. Kidonge kimoja kikifichwa na kidole chako cha mwisho, hayo ni sirokumulasi, yaliyo juu kabisa. Kikihitaji vidole viwili au vitatu, ni altokumulasi, ya tabaka la kati. Kikizidi hapo, ni stratokumulasi, yaliyo chini. Ukiona duara la mwanga limezunguka mwezi, ujue utando wa sirostratasi umepita mbele yake. Kiswahili chetu nacho kina hazina yake: mavundevunde ni mawingu yaliyotawanyika vipande vipande, na ghubari ni wingu zito la mvua. Wazee wanayajua maneno haya. Tuwaulize kabla hayajaondoka nao.

Msimu mzuri wa kuanza ni Oktoba na Novemba, anga la kiangazi linapoanza kujaa. Asubuhi kumulasi huwa ndogo, zenye kitako bapa. Adhuhuri huota vichwa. Alasiri moja kati yake huweza kupanda kwa kasi, ikapita kilometa kumi na zaidi kwenda juu, mpaka kichwa chake kigonge dari la anga na kutandazwa kama fuawe ya mhunzi. Hilo sasa ni kumulonimbasi, mama wa radi. Kulitazama kwa mbali ni furaha kubwa. Kukaa chini yake ni hatari. Mwanga wa radi ukimulika, hesabu sekunde hadi ngurumo isikike: kila sekunde tatu ni karibu kilometa moja. Zikiwa chini ya thelathini, ondoka shambani, toka majini, usijikinge chini ya mwembe, ingia ndani ya nyumba.

Na hapa tunasema na wavuvi wa dagaa na familia zao. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko ziwa, upepo huvuma kutoka majini, na mawingu hupanda juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto, upepo huelekea ziwani, na dhoruba huweza kuzaliwa juu ya maji. Ni usiku huohuo wa giza, usio na mbalamwezi, ambao dagaa hufuata taa zetu. Kwa hiyo saa ya kulisoma anga ni jua linapozama, kabla kamba haijafunguliwa. Tangazo la Mamlaka lisikilizwe, tena lisikilizwe kwanza. Lakini tangazo husema habari za mkoa mzima, na jicho huona wingu hili, juu ya maji haya, jioni hii.

Katika Maandiko, mtumishi wa Eliya alitumwa mara saba kutazama upande wa bahari. Mara sita hakuona kitu. Mara ya saba aliona kiwingu kidogo, kama kiganja cha mtu, na hicho kilitosha kumfanya mfalme aharakishe gari lake. Wengi wetu tungerudi baada ya mara ya pili. Howard alitazama tangu utotoni, na Viñes alitazama kwa miaka ishirini na mitatu. Wote walipata kwanza furaha ya kutazama. Faida ya wengine ilikuja baadaye, kutoka katika furaha hiyohiyo.

Basi juma hili, jioni moja, tukae nje na watoto wetu, tuwaulize: lile ni wingu gani? Tusiwaharakishe kujibu.

Tukutane juma lijalo, Mungu akitujalia. Amani na mapendo kwenu nyote.