Majina Katika Boma la Nanjing

Mgeni aingiaye Nanjing, mji wa Uchina ulio kando ya mto Yangtze, hulakiwa kwanza na mambo mapya. Wakazi wake wanazidi milioni 9. Treni zake hupita chini ya ardhi. Na jumba la Zifeng, lililokamilika mwaka 2010, lina kimo cha mita 450. Mtu wa haraka angeweza kudhani kwamba mji huu ulizaliwa jana. Lakini akipanda juu ya boma la kale lipakanalo na Ziwa Xuanwu, akatembea huku maji yako upande mmoja na nyumba upande wa pili, atatambua kwamba anakanyaga maandishi. Matofali ya boma hilo yana majina ya watu.

Boma lilianza kujengwa mwaka 1366 kwa amri ya Zhu Yuanzhang. Mtu huyu alizaliwa katika nyumba ya wakulima maskini, akafiwa na wazazi wakati wa njaa na maradhi, akaishi kwa kuomba kama mtawa, kisha akawa jemadari wa waasi. Mwaka 1368 alijitangaza mfalme, akaanzisha ukoo wa Ming, na Nanjing ukawa mji mkuu wake. Boma lake lilikuwa na urefu wa kilomita 35 hivi. Hata leo zaidi ya kilomita 25 zimesimama.

Kazi kubwa kama hiyo haikuwezekana kwa nguvu za mji mmoja. Wilaya nyingi zilizo karibu na Yangtze na vijito vyake ziliamriwa kufyatua matofali na kuyapeleka Nanjing kwa vyombo vya majini. Tofali moja lilikuwa na urefu wa sentimita 40 hivi, upana wa 20 na unene wa 10. Kabla ya kuchomwa, mengi yalipigwa chapa: jina la jimbo na la wilaya, jina la afisa msimamizi, jina la fundi wa tanuri, na hata jina la mfyatuaji mwenyewe. Tofali likionekana bovu, mkosaji alijulikana mara moja, naye hakuwa na pa kujificha.

Majina hayo yaliandikwa kwa ajili ya kutisha. Mfalme aliyeonja umaskini hakuwaamini maafisa wake, wala hakuwahurumia mafundi wake. Ajabu ni kwamba amri ile ya ukali imezaa jambo ambalo mwenye kuitoa hakulikusudia. Katika nchi nyingi wajenzi wa makaburi, majumba na ngome za wafalme wamesahauliwa kabisa. Lakini Nanjing mgeni anaweza kusoma jina la mtu asiyekuwa na cheo wala shamba, aliyekanda udongo zaidi ya miaka 600 iliyopita.

Mtu akiuliza kama boma liliulinda mji, jawabu lake ni chungu. Lango la kusini, liitwalo sasa Zhonghua, lina milango minne inayofuatana na nyua tatu za kumnasia adui. Lakini mwaka 1402 Zhu Di, mwana wa Zhu Yuanzhang, alipokuja na jeshi kumnyang'anya mpwa wake kiti cha enzi, hakuhitaji kuvunja hata tofali moja. Lango la Jinchuan lilifunguliwa na watu wa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako. Zhu Di akatawala kwa jina la Yongle. Ndiye aliyemtuma Zheng He na majahazi makubwa, mengine yakiwa yameundwa Nanjing, hata sifa za ufalme wake zikafika pwani ya Afrika ya Mashariki, na mwaka 1415 Malindi ikampelekea twiga. Mwaka 1421 aliufanya Beijing kuwa mji mkuu.

Msiba mkubwa kuliko huo ulifika tarehe 13 Desemba 1937, jeshi la Japani lilipouteka mji. Wafungwa wa vita na raia waliuawa kwa maelfu mengi, na wanawake wakanajisiwa. Katika jumba la ukumbusho, lililofunguliwa mwaka 1985, imeandikwa hesabu ya watu 300,000. Humo pia mna ukuta wenye majina ya waliokufa, zaidi ya elfu 10. Mgeni aliyetoka kusoma majina ya wafyatua matofali husimama mbele ya ukuta huo akaona jinsi majina yaliyopatikana yalivyo machache.

Boma lenyewe lilikaribia kufa wakati wa amani. Katika miaka ya 1950 lilihesabiwa kuwa kizuizi cha barabara na ghala la matofali ya bure, likaanza kubomolewa. Mwaka 1956 Zhu Xie, naibu mkuu wa idara ya utamaduni ya jimbo la Jiangsu, aliandika gazetini kwa jina lake mwenyewe kwamba kazi hiyo haifai. Ubomoaji ulizuiwa kwa wakati wa kuliokoa lango la Zhonghua. Lakini mwaka uliofuata Zhu Xie alishutumiwa kuwa adui wa siasa ya nchi, na mwaka 1968 alikufa katika mateso ya Mapinduzi ya Utamaduni. Mwaka 1988 boma liliwekwa chini ya ulinzi wa taifa, naye hakuwapo kuona.

Mfyatuaji wa karne ya 14 alitia jina lake katika udongo kwa kuwa alilazimishwa. Zhu Xie alilitia lake katika karatasi hali hakuna aliyemlazimisha, na angeweza kunyamaza akasalimika. Wote wawili walijua kwamba jina likishaandikwa, mwenyewe ataulizwa. Waendao kutembea juu ya boma jioni, wakipiga picha za ziwa na za majumba marefu, wanapita juu ya kazi ya mmoja na kafara ya mwingine. La kwanza limechapwa katika tofali na kila mtu aweza kulisoma. La pili halimo ukutani, na mgeni asiyeambiwa hurudi kwao bila ya kulijua.